Mlima Kichwa Chini

Machi 12
Hilaria amesema mdomo wangu unamchosha mgonjwa, na kama nina maneno mengi nikayaandike. Basi nayaandika. Hilaria ni mdogo wake Beatrice, mke wangu. Amekuja kutoka Pasua kumuuguza dada yake, na tangu afike nyumba yangu ina sheria kuliko mahakama.

Nijitambulishe, maana karatasi hainijui. Mimi ni Ronald wa Old Moshi, mpishi wa mlimani mstaafu. Nimewapikia Wajerumani na Wajapani juu ya mawingu, na kuna Mmarekani mmoja alilia kwa supu yangu ya maboga. Nasalimia kwa lugha saba. Shule niliishia kidato cha pili, lakini cha zamani, ambacho ukikipima ni sawa na digrii ya siku hizi.

Mvua imeanza.

Machi 13
Mvua.

Machi 15
Niandike jambo lenyewe mara moja nisije nikalizunguka. Hospitalini, mwezi uliopita, daktari aliniita pembeni mimi na kaka yangu Eliezeri. Alisema uvimbe umeingia kwenye uti wa mgongo na kichwani, tumrudishe nyumbani, tumpe dawa ya maumivu, tusimsumbue tena. Beatrice alikuwa kwenye machela huko koridoni. Nilipotoka akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia, "Amesema nipunguze chumvi kwenye mboga." Akacheka. Tangu siku ile ukoo mzima unaimba wimbo wangu: dawa inafanya kazi, utapona.

Hawezi kukaa, hawezi kugeuzwa. Mwanga unamchoma macho, hivyo dirisha tumeliziba kwa blanketi. Dirisha lenyewe liko nyuma ya kichwa chake na linatazama juu. Ninaposema juu, msomaji wa mbali aelewe: huku kwetu juu ni mlimani na chini ni mjini. Mtu akikuambia duka liko juu, hupandi ngazi, unaelekea mlimani. Niliwahi kukaa Mombasa mwaka mzima, sikujua juu ni wapi, nikawa natembea kama kuku aliyezungushwa.

Leo Beatrice amesema, "Ronald, nimesahau migomba yangu ikoje."

Nikatoka na simu, nikaipiga picha za video migomba yote, na kaburi la mama, na mlima ulipochungulia. Nikamletea. Akafumba macho.

"Inachoma. Halafu hiyo ni ya asubuhi."

"Unataka ya lini?"

"Ya sasa."

Machi 17
Kaka Eliezeri ameleta maziwa. Kila asubuhi analeta, anasimama mlangoni, haingii. Anasema viatu vyake vina matope. Mtu mwema sana. Sijui ningekuwa wapi bila kaka.

Machi 18
Mvua. Beatrice amekunywa mtori vijiko viwili.

Machi 20
Nimeshuka mjini kuchukua dawa. Kaka alinipa na kazi nyingine: picha ya Beatrice, ile ya ubarikio wa mtoto wa jirani, ikakuzwe na kuwekwa fremu, tusije tukakimbizana dakika za mwisho. Nikaipeleka Majengo kwa Mzee Amarjit, Singasinga aliyepiga picha za watu wa Moshi tangu mimi nikiwa na kamasi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Huyu nani?"

"Mke wangu. Naomba uikuze, weka na maua pembeni."

Akaitazama. Akashusha sauti. "Pole sana. Amefariki lini?"

"Bado."

"Bado?" Akairudisha kwenye bahasha, akanisukumia. "Toka hapa. Mimi sitengenezi picha ya maiti ya mtu anayepumua."

Nilitaka kumtolea mzaha mmoja ninaouweka akiba kwa wakati kama huo. Haukutoka. Badala yake nikajikuta nimekaa kwenye kile kiti cha picha za pasipoti, namwambia habari za blanketi, macho, simu, na migomba ya sasa. Akanisikiliza huku akichana ndevu kwa vidole.

"Una chumba cheusi bure," akasema, "halafu unalia."

Akanipeleka chumba cha nyuma alikokuwa akisafishia filamu zamani. Dirisha lake lina ubao, na ubao una tundu moja. Akafunga mlango. Nikamwambia sioni kitu. Akasema, "Nyamaza. Macho yanataka muda. Wewe unataka kila kitu kwa haraka kama supu ya pakiti."

Tukakaa gizani. Kidogo kidogo ukuta ukaanza kupambazuka. Nikaona barabara ya Majengo iko darini. Bodaboda linapita matairi juu. Mama mmoja na ndoo yake kichwani, kichwa kinaelekea sakafuni, na maji hayamwagiki. Rangi zote zipo, hata wekundu wa khanga. Mimi niliyeona theluji na wazungu wakizimia, nikashika mkono wa Singasinga kama mtoto.

"Mwanga haujui kukata kona," akasema. "Ule wa kwenye paa unashuka, unapita tundu, unaendelea kushuka mpaka chini ya ukuta. Ule wa barabarani unapanda, unapita tundu, unaendelea kupanda mpaka darini. Wanapishana mlangoni tu, kama watu wa kanisa moja wasiosalimiana. Ndiyo maana kila kitu kichwa chini. Na kamera maana yake ni chumba. Nyie mnadhani ni kidude cha mfukoni."

Picha sikuikuza. Kaka nitamwambia umeme ulikatika.

Machi 22
Nimetengeneza. Nimeweka hapa namna nilivyofanya, maana kumbukumbu yangu ni nzuri ila haitabiriki. Boksi la friji, nimelikata kwa kipimo cha dirisha na kulibandika plastiki nyeusi. Pembeni gundi ya unga wa ngano, na matambara kila penye ufa. Tambara lingine chini ya mlango. Katikati ya boksi nikakata dirisha dogo, nikabandika kipande cha kopo la soda, nikalitoboa kwa msumari. Ukuta wa miguuni nikaupaka chokaa. Hilaria ananitazama amejishika kiuno.

"Shemeji, unajenga banda la popo?"

"Sinema. Kiingilio utalipa wewe."

Mawingu siku nzima. Hakuna kitu.

Machi 23
Hakuna kitu. Bati linavujisha mwanga. Nimepanda darini na matambara.

Machi 24
Jua la nusu saa. Tundu ni dogo mno. Picha ipo lakini imefifia kama shati la shule. Nimelipanua mpaka likawa kama kifungo cha koti. Mzee Amarjit alinionya: dogo ni kali lakini hafifu, kubwa lina mwanga lakini lina ukungu. Tafuta katikati.

Machi 26
Asubuhi imeamka safi, mlima mtupu bila wingu. Nimefunga mlango, nimekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, nimemwambia Beatrice atazame ukuta na asubiri. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nimenyamaza kwa hiari yangu.

Likaanza doa jeupe. Halafu kijani. Halafu likawa shamba letu lote, limening'inia. Uwanja wetu uko juu kabisa, karibu na dari, na msalaba wa kaburi la mama unaelekea chini. Chini yake migomba imeinamisha majani, upepo unayapeperusha. Chini zaidi mfongo, ule mfereji wa maji wa babu zetu, mpakani mwa shamba. Na chini ya vyote, karibu na vidole vya miguu ya Beatrice, Kibo imesimama kwa kichwa, theluji yake inagusa kitanda.

Kisha akasema, "Kuku anatembea darini."

"Ndiyo huyo anayekataa kutaga."

"Na mgomba wa mshare umezaa mkungu. Hukuniambia."

Kwa kweli sikuuona. Napita pale kila siku. Akacheka, halafu akalia, halafu akasema macho hayachomi.

Hilaria amelipa kiingilio: ameniita shemeji bila kukunja uso.

Machi 27
Sinema saa mbili nzima. Amewatambua watu wote waliopita kwa miguu yao tu.

Machi 28
Mvua, hakuna picha.

Machi 30
Jua lilitoka saa tatu. Nilikuwa namlisha uji. Akageuza macho ukutani.

"Yule si Eliezeri?"

Ndiye. Anatembea kichwa chini katikati ya migomba pamoja na fundi, wanapima kwa kamba. Wanapima, wanasimama, fundi anaonyesha kwa mkono, wanapima tena.

"Anapima nini?"

"Zizi jipya," nikasema. Uongo wangu una spidi, haujawahi kuchelewa.

Akatazama tena. "Ng'ombe gani wa kulala kwenye zizi lenye urefu wa mtu?"

Kijiko kilikuwa mkononi. Sikujua nikiweke wapi. Ndipo nikagundua nilichokifanya. Nimetoboa tundu ili mlima uingie, na kila tulichomficha kimeingia pamoja nao.

"Wewe ulikuwa unajua," nikasema.

"Nilijua tangu ile chumvi, Ronald. Nilisubiri uchoke."

Akaniambia yuko tayari, jambo moja tu. Hatukujaliwa mtoto, na anajua ukoo unavyomhesabu mwanamke wa hivyo: anawekwa ukingoni, ili siku shamba likigawanywa kaburi lake lisimsumbue mtu. Hataki kulala ukingoni. Pumzi ikamwisha. Akanyanyua kidole kuelekea ukutani. "Juu," akasema. "Mniweke juu. Hapo juu." Kisha dawa ikamchukua, akalala.

Nikamwambia kaka jioni ile ile. Nilisimama kama mwanaume na kusema: mke wangu anajua, na ameomba awekwe juu. Kaka alinishika bega. "Basi afadhali," akasema, "ameturahisishia." Nilimwona ana machozi. Nilifurahi kuwa na kaka wa namna hii.

Aprili 3, Ijumaa Kuu
Baada ya ibada wazee wa ukoo walikuja. Kaka akawapeleka juu, mfongoni, akakata migomba miwili, akapanda isale kuonyesha kaburi litakapokaa. Isale ni jani la heshima kwetu. Likishapandwa mbele ya wazee, hakuna wa kuling'oa isipokuwa aliyelipanda, tena kwa ridhaa yake. Nikawaambia wazee, ndiyo, ni yeye mwenyewe amesema juu. Wakatikisa kichwa kukubali. Tukanywa mbege kidogo, pombe yetu ya ndizi. Niliwachekesha.

Aprili 5, Pasaka
Jua, baada ya mvua ya alfajiri. Beatrice ameamka na nguvu. Nimewasha sinema.

"Mbona mmekata migomba kule chini?"

"Wapi?"

"Kule chini. Mfongoni. Na nani amepanda isale?"

"Si ulisema juu?"

Akanitazama mimi badala ya ukuta. "Juu ya ukuta, mwanaume wewe. Nilikuonyesha kwa kidole. Karibu na dari. Kando ya mama yako."

Niandike polepole. Ukutani, juu ni uwanja wetu, karibu na nyumba, lilipo kaburi la mama yangu, ambaye Beatrice alimwosha na kumlisha miaka mitano hadi mwisho. Shambani, juu ni mlimani, mwisho wa shamba, ukingoni mwa mfongo. Alisema neno moja. Mimi, fundi wa sinema, niliyewaeleza watu wa kijiji kizima kwa nini picha inapinduka, nililibeba lile neno kutoka chumbani bila kulipindua.

Aprili 6
Nimekwenda kwa kaka. Nimemwamkia, nimemweleza. Alikuwa akinoa panga, hakuacha.

"Ronald, nani aliyewaambia wazee juu?"

"Mimi. Lakini alimaanisha juu ya ukuta."

"Ukuta gani?"

Nikaeleza tundu, mwanga, kupishana. Mwanawe Jesse alikuwepo, akacheka mpaka akakaa.

"Mlimani ulizoea kuwadanganya wazungu," kaka akasema. "Kwa hiyo unataka niwaite wazee niwaambie kwamba juu ni chini?"

"Kando ya mama, kaka. Basi."

"Pale kando ya mama, Jesse anachimba msingi wa nyumba mwezi wa saba. Isale limeshapandwa."

Kumbe. Ndipo nikaelewa machozi ya siku ile, na 'ameturahisishia'. Nilikuwa na matusi ya lugha saba, nikayameza yote, kwa sababu ni kaka yangu na ndiye aliyenilipia hicho kidato cha pili. Nimerudi nyumbani nimelowa.

Nimemwomba Beatrice awaambie wazee mwenyewe. Sauti yake leo haifiki mlangoni.

Aprili 7
Mvua. Maziwa yameletwa na Jesse.

Aprili 8
Mvua.

Aprili 9
Mvua na ukungu. Mlima haupo. Migomba haipo. Mzee mmoja wa ukoo alikuja, nikamkalisha gizani nimwonyeshe. Ukuta mweusi. Akaniombea.

Aprili 10
Mvua. Beatrice anasema neno moja, anapumzika, anasema lingine. Hilaria anamlowanisha midomo kwa pamba. Ameniuliza, "Shemeji, jua likichelewa?" Mimi sijawahi kuomba jua. Mlimani tulikuwa tunalitukana.

Aprili 11
Mvua.

Aprili 12
Mvua. Amesema "Ronald" na mkono wangu ulikuwa mkononi mwake tayari.

Aprili 14
Nimeamka nikakuta mlima. Mtupu, umeoshwa, hauna hata wingu la kufutia mikono.

Nimekimbia kwa kaka. Sikumwamkia. Nilimkuta anakamua. Nikamwambia, "Njoo umuage." Neno hilo sikuwahi kulitamka tangu hospitalini. Akaacha ndoo.

Mlangoni akasema, "Nina matope."

"Ingia na matope yako."

Nikamkalisha kwenye kigoda, kando ya kichwa cha Beatrice. Nikamwambia haruhusiwi kuondoka mpaka macho yake yazoee, maana mtu akitoka juani akachungulia na kutoka, ataapa kwamba ameona giza tu. Hilaria akafunga mlango, akasukuma tambara chini yake. Mimi nikabaki nje.

Nikapanda mpaka mfongoni, nikasimama kwenye isale. Nikasubiri. Jua usoni, matope vifundoni, siku za kazi ningepiga mluzi. Huko ndani sijui walisemezana nini.

Kisha sauti ya Hilaria kutoka nyuma ya dirisha: "Shemeji! Anasema juu!"

Nikashuka hatua chache kuelekea nyumbani.

"Anasema juu!"

Nikashuka tena. Nikapita migomba iliyokatwa, nikapita mshare na mkungu wake.

"Juu!"

Nikawa nashuka hivyo, na kule ndani nilikuwa najiona bila kujiona: kijitu cha ukubwa wa kidole, miguu hewani, kinapanda ukuta. Kila aliposema juu nilishuka, mpaka nikafika uwanjani, nikagusa saruji ya kaburi la mama. Nikasogea kando yake, penye majani.

Halafu Hilaria, sauti ikiwa tofauti: "Anasema hapo."

Nikasimama hapo. Mahali penyewe ni padogo. Nilivua kofia. Hakukuwa na mtu wa kumchekesha.

Kaka alitoka baadaye sana. Alikuwa akipepesa macho. Alinipita, akapanda juu, juu ya kweli, akapiga magoti kwenye matope. Alirudi na isale mkononi, mizizi inadondosha udongo. Hakunipa mimi. Alichimba kwa mikono, akalipanda mwenyewe.

Hilaria ameniambia kilichotokea. Walipokaa gizani, kabla picha haijatokea, kaka alidhani Beatrice amelala, akamwambia, "Shemeji, niliogopa kuingia humu." Beatrice akamjibu, "Najua. Maziwa ni mazuri." Kisha ukuta ukaja.

Jesse hajasalimia mtu.

Aprili 15
Jua. Hakutazama ukuta. Alinitazama mimi.

Aprili 16
Beatrice amefariki leo asubuhi, saa moja na nusu. Hilaria alikuwa upande mmoja, mimi mwingine. Mvua ilikuwa imeanza tena.

Aprili 21
Tumemzika jana kando ya mama. Mzee Amarjit alipanda na picha kubwa yenye fremu, bila maua pembeni. Alisema, "Sasa ndiyo naitengeneza." Mvua ilinyesha kwenye kioo chake na Hilaria akawa anakifuta.

Mchungaji aliniita niseme machache. Watu walitulia, wengine walishaanza kutabasamu, wananijua. Nilisema jina lake. Nikasema tena. Nikakaa.

Aprili 23
Mvua. Watu bado wapo uwanjani chini ya turubai. Mimi nipo chumbani, boksi sijalibandua. Nasubiri jua nimwone alipo. Nje ni karibu, ningetoka ningefika kabla sijafunga vifungo vya koti, lakini kumtazama moja kwa moja bado sijaweza. Ukutani nadhani nitaweza.

Kaka Eliezeri amefungua mlango.

"Toka basi, mdogo wangu. Watu wanakuuliza."

"Jua likitoka."

Akatazama ukuta, hauna kitu. Nilidhani ataondoka. Akaingia na viatu vyake, akafunga mlango, akainama kusukuma tambara chini yake mwanga usipenye, akakaa kando yangu.